Apu ya upepo tunayotumia Lamu: nyota nne, ya tano nina maneno nayo

Haya, hii apu ya upepo mmeniuliza sana, ile ya ramani inayotembea yenye rangi rangi, kila nahodha kuanzia Shela mpaka Mokowe anayo kwenye simu. Jina siliweki, silipwi na mtu, na isitoshe ziko tatu nne zinazofanana kabisa na huko mbele nitasema kwa nini zinafanana. Mimi niko na boti ya injini, nabeba wageni na mizigo, Manda, Matondoni, Pate, na msimu ukikubali mpaka Kiwayu, kwa hivo upepo kwangu si stori ya barazani, ni petroli na ni roho za watu. Nimeipa nyota nne. Hio ya tano ndo iliyonifanya niandike marefu, aliye na haraka asome hapa juu tu aende zake.

Uzuri wake ni mwingi wallahi. Unagusa popote baharini inakwambia upepo unatoka wapi, ni noti ngapi (noti ni kipimo cha kasi baharini, si za benki), ule wa ghafla utafika wapi, wimbi lina urefu gani, na kitu ambacho vijana wengi hawakiangalii kabisa, sekunde ngapi baina ya wimbi na wimbi. Hapo ndo pa kuangalia. Wimbi la mita moja na nusu linalokuja kila sekunde kumi na mbili unalipanda unalishuka raha mustarehe, lakini la urefu huo huo linalokuja kila sekunde tano linakuvunja kiuno, linalowesha mizigo na mgeni ashatapika kabla hamjafika Manda Toto. Nimewaona watu wanatoka kwa sababu "ni mita moja na nusu tu" alafu wanarudi wamenyamaza.

Ubaya wake sasa. Ukiangalia chini kwenye skrini kuna majina ya modeli, yaani programu za kompyuta zinazopiga hesabu ya hali ya hewa, GFS ni ya Wamarekani na ECMWF ni ya Ulaya, na pembeni kumeandikwa kilomita, GFS kama 22, ECMWF 9. Maana yake ni kwamba kompyuta imeikata dunia vipande vipande vya ukubwa huo na kila kipande kina upepo mmoja. Sasa mlango wa Mkanda, ile njia nyembamba ya maji baina ya Manda na bara, una upana gani jamani? Kwa hesabu hizo Lamu yote na Manda na kipande cha bara ni kiraka kimoja au viwili, haijui kama kuna mlango pale, haivijui vilima vya mchanga vya Shela, na zaidi ya yote haijui kwamba siku za bamvua (maji makuu) maji yakipwa kwa nguvu mlangoni na kusi, upepo wa kusini, linasukuma kuingia ndani, wimbi linasimama wima hata kama apu imeonyesha rangi ya kijani ya kupendeza. Hapo unamuuliza mzee aliyekulia Kipungani, simu tia mfukoni.

Na jambo jengine, msiiamini modeli moja. Fungua zote mbili, linganisha. Zikikubaliana, sawa, panga safari. Zikigombana, moja inasema noti 12 nyengine 22, hayo magombano ndo habari yenyewe, ina maana hakuna anayejua kwa uhakika, na kama wenye kompyuta za kujaza ukumbi hawajui basi mgeni wa Kiwayu atakunywa chai asubiri. Ah na saa pia, hii watu hawaijui. GFS inapigwa hesabu mara nne kwa siku, kwa saa zetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa mchana na saa tatu usiku, na hesabu zenyewe zinachukua masaa kukamilika, kwa hivo ukiifungua saa kumi na moja alfajiri ukishuka gatini unaangalia hesabu za jana saa tatu usiku. Ile mpya inaanza kuingia baina ya saa moja na saa mbili asubuhi. Ukiweza kungoja, ngoja.

Sasa kwa nini apu zote zinafanana. Kwa sababu hizi apu hazitabiri chochote. Ni kama kijana anayezunguka na beseni la mikate ya mofa, mzuri wa maneno, beseni safi, kitambaa cheupe, lakini aliyeamka usiku kukanda na kuwasha moto ni mtu mwengine na humuoni. Na huyo mtu hapa, kwa sehemu kubwa, ni mfanyakazi wa serikali. GFS ni ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na anga, iko tangu 1970. ECMWF ni kituo cha nchi za Ulaya zimechanga pamoja, makao makuu yako Reading Uingereza. Saa tisa usiku na saa tisa mchana kwa saa zetu, vituo mamia duniani vinarusha puto lenye kisanduku kidogo chini, linapanda likipima joto na unyevu na upepo mpaka kilomita kama 30 huko juu linapasuka, hapa Kenya linarushwa Dagoretti, Nairobi. Baharini kuna vyombo vya Argo kama 4,000 dunia nzima, vinazama mpaka mita 2,000 vinapanda tena vikipima joto na chumvi alafu vinatuma habari kwa satelaiti, na karibu nusu yake inagharamiwa na Marekani. Kuna maboya mengine yametiwa nanga hapa hapa Bahari ya Hindi, kazi ya Marekani na India na Japani na Indonesia na wengineo, hayo ndo yanatuambia kama maji ya upande wetu yamekuwa moto kuliko ya upande wa Sumatra, na yakiwa moto huku basi mvua ya vuli itatumwagikia kama mwaka 2019 na 2023.

Yote hayo wewe unayapata kwa bando la shilingi ishirini. Na apu yenyewe inayapata bure, kwa sababu kwa sheria ya Marekani kazi ya mfanyakazi wa serikali yao kuu haina hakimiliki, ni ya kila mtu, na Ulaya ambao zamani walikuwa wakiuza data zao nao miaka ya karibuni wamefungua mlango. Kwa hivo ukiipa apu nyota tano unamsifu mwenye beseni.

Mimi nyota ya tano nimeizuia kwa sababu yule mwokaji kuna watu wanamwingilia jikoni, na hakuna mahali kwenye apu pameandikwa hivo.

Angalieni hii kesi. Tarehe 1 Septemba 2019, kimbunga Dorian kinaipiga Bahama, rais wa Marekani, Trump, anaandika mtandaoni kwamba Alabama nayo huenda ikapigwa kwa nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa utabiri wa wakati huo Alabama haikuwa kwenye njia. Watabiri wa NOAA wa ofisi ndogo ya Birmingham, Alabama, baada ya kama dakika 20 wakaandika kwamba Alabama haitapata athari yoyote ya Dorian. Basi. Wamefanya kazi yao, mtu wa Alabama asifunge nyumba akimbie bure. Siku tatu baadaye rais anaonyesha wanahabari ramani ya kimbunga ofisini kwake na mtu ashachora kwa kalamu nyeusi mstari wa kuiingiza Alabama ndani, yaani ramani ya serikali imeongezwa mstari kwa mkono! Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini kilichofuata si cha kucheka, tarehe 6 makao makuu ya NOAA yakatoa taarifa haina jina la mtu, inawalaumu wale watabiri wa Birmingham ambao ndo waliosema kweli. Uchunguzi wa 2020 ukakuta kaimu mkuu wa NOAA, Neil Jacobs, alivunja kanuni za uadilifu wa sayansi za idara yake mwenyewe. Na 2025 huyo huyo akateuliwa tena aiongoze NOAA na Seneti ikampitisha.

Kimbunga chenyewe wala hakinishughulishi, kiko bahari nyengine. Kinachonitia baridi ni yule mtabiri kijana, tuseme yuko zamu peke yake usiku, kabla hajabonyeza kitufe cha tahadhari anafikiria bosi wa bosi wake kasema nini jana kwenye televisheni. Akichelewa saa moja tu kwa kuogopa, mimi nshapita Pate. Bahari haina habari kama tahadhari ilichelewa kwa siasa au kwa uvivu.

Alafu 2025 ikaja kubwa zaidi. Februari NOAA ikafukuza mamia ya wafanyakazi kwa mkupuo, vituo vingine vikapunguza au kusimamisha kurusha puto kwa kukosa watu, cha Kotzebue kule Alaska ni kimoja. Mwisho wa Juni tovuti ya serikali ya Marekani iliyokuwa na ripoti za kitaifa za tabianchi, zile ambazo sheria yao wenyewe inataka ziandikwe, ikazimwa. Kwenye bajeti ya 2026 wakapendekeza kuufuta mkono mzima wa utafiti wa NOAA, pamoja na kituo cha Mauna Loa huko Hawaii kinachopima hewa ya kaboni tangu 1958. Miaka zaidi ya sitini mtu anapima kitu kimoja mahali pamoja bila kuchoka alafu aje mwengine aseme hii ni gharama. Sasa nisiwadanganye, puto la Alaska halibadilishi upepo wa Shela kesho asubuhi. Lakini modeli ni moja ya dunia nzima, na kila macho yanapopungua mahali, makosa yanaanza hapo yanasafiri, na hakuna ujumbe utakaokuja kwenye simu yako kusema leo utabiri umepungua ubora kidogo samahani. Rangi zitakuwa zile zile nzuri.

Najua mtaniambia hayo ni ya Marekani. Haya njooni nyumbani. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa yetu ilitoa utabiri mapema kwamba mvua za Oktoba mpaka Disemba zitapita kiasi cha kawaida, El Niño iko, na maji ya upande wetu yamepata moto. Oktoba, Rais Ruto akasema mbele ya watu kwamba wataalamu wamebadilisha, ile El Niño kubwa haitakuwako tena, itakuwa mvua tu ya kawaida kuzidi kidogo. Idara ikabidi itoke ieleze vizuri, kwamba mvua za El Niño zipo, isipokuwa hazitarajiwi kufikia zile za 1997. Sisemi kuna mtu aliamrishwa abadilishe hesabu, sina ushahidi huo na sitaki kumzulia mtu. Nasema tu kwamba mwananchi wa kawaida kaskia nini? Kaskia "haiko". Watu wakatulia, wengine wakarudi kwenye mashamba ya chini karibu na mto. Kufikia Disemba watu zaidi ya mia moja nchini walikuwa washakufa kwa mafuriko, Tana imetapika, na sisi huku tukitegemea mzigo wa lori tulijua bei ya kitunguu ilikuwaje. Utabiri ulikuwa sahihi. Ulipotea njiani tu, baina ya ofisi ya mtaalamu na kipaza sauti cha mkubwa.

Na kuna kinyume chake ambacho watu hawakitaji. Mei 2024 kimbunga Hidaya, idara ikatoa tahadhari Pwani yote, wavuvi msitoke, ufuo usiogelewe, na safari hii mkubwa akaitilia nguvu, hata kufungua shule kukasogezwa mbele kwa sababu ya mafuriko na hicho kimbunga. Kikapiga Mafia huko Tanzania, kikapungua nguvu, huku kwetu hakikufika kama kilivyoogopewa. Mmeskia maneno barazani nyinyi wenyewe, "watu wa hali ya hewa waongo", "tumelazwa njaa siku mbili bure". Mimi nawaambia nitalazwa njaa siku mbili kila mwaka na sitanung'unika (nitanung'unika kidogo), kwa sababu kimbunga kiko baharini karibu, njia yake haijulikani kwa uhakika, mtabiri akisubiri awe na uhakika mia kwa mia itakuwa ashachelewa. Tukimzomea kila akikosea upande wa usalama tunamfundisha anyamaze, na hapo hatuhitaji mwanasiasa kumharibu, tunamharibu sisi.

Mwengine aliniuliza apu ya upepo na mambo ya afya vinaingiliana vipi, mbona nayachanganya. Jamani mmesahau 2004? Hapa hapa Amu, yaani Lamu. Ule ugonjwa wa viungo, mtu analala mzima anaamka hawezi kushika kikombe, madukani hakuna mtu, msikitini wazee wanaswali wamekaa. Mwanzo kila mtu alisema lake, wengine malaria sugu, wengine maji ya kisima yametiwa kitu. Mpaka damu zilipopelekwa maabara, KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, wakishirikiana na CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, ambao wako pamoja Kenya tangu 1979, ndo ikajulikana ni chikungunya. Baadaye watafiti wakapita nyumba kwa nyumba kuchukua damu na wakakuta robo tatu ya watu wa kisiwa walikuwa wameambukizwa, kama watu 13,500. Robo tatu! Na mwaka uliofuata ukawa uko Komoro, ukafika Réunion ukawalaza watu kwa malaki.

Sasa sikizeni kilichosababisha, kwa sababu wengi mpaka leo wanadhani ilikuwa mvua. Ilikuwa ukame. Mvua ilikosekana, maji yakawa ya shida, kila nyumba ikajaza mapipa na madumu na mitungi ikayaweka siku nyingi bila kuyabadilisha, na yule mbu mweusi wa miguu ya madoa anataka hayo hayo tu, maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba. Wazee wetu waliweka visamaki kwenye birika la choo vile vinakula viluwiluwi vya mbu, pipa la plastiki nani aliweka samaki? Kwa hivo hali ya hewa ikazaa ugonjwa, na waliounganisha hizo nukta mbili, data ya mvua huku na data ya damu kule, ni watu wa mishahara ya serikali na mashirika ya umma. Leo ukame ukija na mtu akasema mapema "funikeni mapipa", maneno hayo yametoka kwenye jasho la Amu la 2004.

Ndo maana nilipoona yanayotokea CDC 2025 sikuona ni habari za mbali. Juni waziri wao wa afya, Robert F. Kennedy Jr., akawaondoa wajumbe wote 17 wa kamati inayoshauri kuhusu chanjo, wote kwa siku moja. Agosti mkurugenzi wa CDC, Susan Monarez, akafukuzwa hata mwezi hajamaliza, na mwenyewe akaeleza mbele ya maseneta kwamba alitakiwa akubali mapendekezo ya chanjo kabla hajaona ushahidi wake na afukuze wanasayansi bila sababu, akakataa. Wakuu kadhaa wa CDC wakajiuzulu siku hio hio. Wizara yao inasema vyengine bila shaka, lakini kamati ya watu 17 imefagiliwa, hilo halina ubishi.

Na jirani zetu, wengi hapa tuna ndugu Tanga na Unguja, tunakumbuka. Tanzania ilitangaza mara ya mwisho idadi ya wagonjwa wa korona baina ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020, jumla ikabaki wagonjwa 509 wafu 21, alafu kimya. Mei Rais Magufuli akasema vipimo vya papai na mbuzi vimepelekwa maabara kisirisiri na majibu yametoka wana korona, mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Zaidi ya mwaka hakuna namba. Watu waliendelea kuzika, isipokuwa ilikuwa hairuhusiwi kujua wanazika nini, na shangazi yangu alikuwa akipiga simu anasema "nimonia imezidi mtaani". Mpaka alipoingia Rais Samia, 2021, akaunda kamati ya wataalamu, ndo namba zikaanza kurudi. Huwezi kulinda nchi kwa kuvunja kipimajoto, lakini ngoja nisitoke kwenye njia.

Kwa kifupi tu kuhusu makaa ya mawe kwa sababu kuna mtu atauliza. Kile kiwanda cha umeme wa makaa cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu, kilikuwa na karatasi, leseni ya mazingira ya 2016 na ripoti nene ya athari. Juni 2019 mahakama maalum ya mazingira ikaifuta ile leseni, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa na ripoti yenyewe ilikuwa na mapengo, mpaka sheria ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Kumbe karatasi ya kitaalamu nayo inasomwa, inahojiwa, inafutwa ikiwa mbovu. Watu wa Lamu wenyewe ndo waliohoji. Hio si kuiingilia sayansi, ni kuitaka iwe sayansi kweli, na tofauti yake na kalamu nyeusi ya 2019 ni kwamba hapa kila upande ulileta hesabu zake mezani.

Turudi kwenye apu basi. Nataka nini ndo nitoe nyota ya tano? Kwanza apu yenyewe ionyeshe waziwazi data imetoka kwa nani, siyo herufi nne ndogo chini kwenye kona, na siku vituo vikipungua iseme. Kwa Wamarekani hilo ni lao, mswada wa kulinda uadilifu wa wanasayansi wa serikali umepelekwa kwenye Kongresi yao zaidi ya mara moja na haukuwahi kuwa sheria, na mpaka sasa watu wa kujitolea wanakopi data za serikali wanazihifadhi pengine zisije zikapotea, wanazuoni wakubwa wanafanya kazi ya kuficha vitu kama wakati wa vita. Kwetu mimi naona dawa ni fupi. Tahadhari ya bahari itoke kwa mtabiri moja kwa moja mpaka kwa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo) na manahodha, kwa ujumbe wa kawaida wa simu, Kiswahili, na jina la mtaalamu wa zamu chini yake, ndo mkubwa aje aongee baadaye akitaka. Na sisi wenye magrupu tuache kutuma picha za skrini zilizokatwa nusu, tarehe haionekani, mtu anasambaza tahadhari ya mwaka juzi watu wanakosa kutoka bahari ikiwa maji ya kuoga.

Maswali yenu sasa niyajibu kwa mkupuo. Ya kulipia inafaa? Inakupa saa moja moja badala ya tatu tatu, ni nzuri kama unapeleka wageni wa kuteleza na tanga za angani huko ufuoni Shela, kwa mvuvi au boti ya mizigo hio pesa nunua laifu jaketi, data ya ndani ni ile ile. Inatumia bando sana? Ukiacha ramani inatembea, ndio, izime ile michirizi ubaki na namba. Kaskazi inaitabiri vizuri kuliko kusi? Kwangu naona kaskazi iko sawa, kusi la Juni na Julai huwa inalipunguza, ongeza noti tatu nne kichwani mwako hasa ukitoka nje ya Manda. Na matlai, ule upepo wa alfajiri, usiiulize kabisa, haiujui.

Na kwa yule aliyeuliza kama inafanya kazi ukipita Kizingitini kwenda Kiunga, mtandao unakatika huko, piga picha ya skrini ya siku mbili za mbele, kwa modeli zote mbili, GFS na ECMWF, kabla hujang'oa nanga, na uandike saa uliyopiga.